Bwawa la Oshizu

6 Septemba

Daftari hili si langu. Ni la marehemu mume wangu, Masakatsu, ambaye kila siku aliandika joto la maji na hali ya samaki wetu wa mapambo, wala hakuongeza neno. Ukurasa wake wa mwisho ni wa tarehe 11 Februari: "Maji nyuzi 4. Oshizu hajambo." Siku tatu baadaye alifariki. Kurasa themanini na mbili zimebaki tupu, nami sipendi karatasi nzuri ikae bure.

Leo asubuhi amekuja shemeji yangu Tadayoshi, mdogo wa marehemu. Alikaa ukingoni mwa baraza na viatu vyake vya mpira vyenye tope, akanywa vikombe viwili vya chai kabla ya kusema alilojia.

"Shemeji, bwawa la mlimani limepasuka ukingo. Tukishatoa samaki Novemba, nalifunga. Na bandani nimepunguza matangi ya majira ya baridi. Mgongo umekataa."

"Na Oshizu?"

Akakuna shingo. "Oshizu ana miaka thelathini na mmoja. Wekundu wa ubavu wa kushoto umeshatoka. Hakuna mnunuzi atakayemtazama. Nafasi niliyo nayo ni ya wale wanaokwenda mashindano ya urembo."

"Nimekuuliza atakwenda wapi. Sikukuuliza habari za sura yake."

"Basi nikujibu kama wazee wetu walivyojibu. Supu ya Mwaka Mpya."

Alicheka. Mimi sikucheka. Samaki huyo, mwaka wa tetemeko, alilala siku mbili katika tope la bwawa lililokauka. Sisi sote tulikuwa tumeshapelekwa mjini kwa helikopta. Masakatsu alirudi kwa miguu juu ya maporomoko, kinyume cha amri, akambeba mgongoni ndani ya blanketi lililolowa. Ndiyo amri pekee aliyowahi kuivunja maishani mwake.

Nilimwambia Tadayoshi kwamba Oshizu atakaa kwangu. Nitachimba bwawa mbele ya baraza.

"Wewe?" akasema. "Uliyekuwa ukiziba pua tukipita na ndoo?"

"Mimi."

7 Septemba

Nimepima. Mita tatu kwa mbili, kina mita moja na nusu. Nimechomeka vijiti vinne na kuvizungushia kamba.

9 Septemba

Nimechimba tangu saa moja asubuhi hadi saa tano. Udongo wa juu ni laini, chini yake kuna udongo wa mfinyanzi, wa buluu, unaoshika jembe na kukataa kuliachia. Kina nilichofikia: kiganja kimoja.

Jirani yangu Mitsue alikuja na figili za chumvi, akageuza ndoo na kuikalia. Ana miaka sabini na tisa, mitatu zaidi yangu, na mumewe alikuwa fundi lipu.

"Mwalimu," akasema, "unachimba kaburi au bwawa?"

"Bwawa."

"Maana kwa kasi hiyo, utakuwa umelihitaji kaburi kabla bwawa halijaisha."

Akala figili mwenyewe. Kisha akauliza swali ambalo nilijua kijiji kizima kinaliuliza: kwa nini hapa mbele, na si nyuma, chini ya paa la kaskazini, palipokuwa na bwawa la zamani?

Kila nyumba ya hapa ilikuwa na bwawa la aina hiyo. Maji ya chemchemi yaliingia bila kukoma, theluji ya paani ilitupwa humo ikayeyuka, na samaki waliishi chini yake mpaka majira ya kuchipua. Letu lilifukiwa miaka arobaini na miwili iliyopita. Mimi ndiye niliyetaka lifukiwe. Nilikuwa mwalimu kijana kutoka mjini, na harufu ya samaki iliingia katika madaftari ya wanafunzi niliyokuwa nikiyasahihisha. Masakatsu hakubishana. Alilifukia kwa siku nne, peke yake, akapanda kabichi juu yake.

Nilimjibu Mitsue kwamba mbele kuna jua, na kwamba nataka kumwona samaki nikiwa nimekaa. Hilo ni kweli. Si kweli yote.

10 Septemba

Mgongo. Nimechimba hata hivyo.

12 Septemba

Saa mbili asubuhi nilisikia mngurumo njiani. Tadayoshi alikuja juu ya mashine ndogo ya kuchimbia, akaiingiza uani bila kubisha hodi na kuvunja tawi la mti wangu wa kamelia.

"Sikuja kukusaidia," alipiga kelele kutoka kitini. "Sauti ya jembe lako inanikosesha raha. Dum, halafu kimya, halafu dum. Kila mara nadhani umeanguka."

Kufikia saa sita shimo lilikuwa limekamilika. Alisimama ukingoni akalitazama kwa dharau.

"Shimo zuri. Mahali pabaya. Bomba la chemchemi liko nyuma. Hapa utajaza maji gani?"

"Ya bomba la kijiji. Nitayalaza siku tatu dawa itoke, na nitanunua pampu ya kuyazungusha."

"Shemeji, bila maji ya chemchemi hilo si bwawa. Ni karai."

"Basi Oshizu ataishi karaini."

Aliwasha mashine, akaondoka. Wali niliotupikia nimeula mwenyewe, na sehemu yake pia.

15 Septemba

Mvua. Shimo lina maji ya kahawia na chura mmoja.

16 Septemba

Mvua. Vyura watatu.

22 Septemba

Mwanangu Nobuhiko amekuja kutoka mjini Niigata kuzuru kaburi la baba yake. Tulifagia, tukachoma ubani, tukala keki za mchele. Ana miaka hamsini na mmoja, na hunisemesha kwa sauti kubwa kana kwamba nimeziba masikio.

Tuliporudi nyumbani aliliona shimo.

"Mama, hiki ni nini?"

Nilimweleza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ndivyo alivyokuwa akifanya baba yake kabla ya kukubali jambo. Yeye hufanya hivyo kabla ya kukataa.

"Chumba chako kiko tayari tangu Machi. Kina joto, hospitali ni hatua chache. Wewe unachimba mashimo. Nani atakutolea theluji paani? Baba hayupo."

"Najua kwamba hayupo. Nilikuwapo alipoondoka."

"Umri wako, Mama! Huwezi kujitunza mwenyewe, sembuse samaki!"

Sijapata kumpiga mtoto huyu, na leo haikuwa siku ya kuanza. Nilichukua karatasi, nikaandika: Oshizu akiwa hai katika bwawa hili asubuhi ya Mwaka Mpya, Nobuhiko hatanitajia tena habari ya kuhama. Akifa kabla ya hapo, nitafunga milango ya nyumba hii na kwenda Niigata bila neno. Nikapiga mhuri wangu, nikamsukumia.

"Mama, huu ni mchezo?"

"Katika maisha yako umewahi kuniona nikicheza?"

Akapiga mhuri wake. Karatasi iko mbele ya picha ya Masakatsu, chini ya kikombe chake cha chai.

28 Septemba

Zege la chini limemwagwa. Kwa kuta, Mitsue amefungua sanduku la marehemu mumewe na kutoa miiko mitatu ya lipu iliyofungwa kwa kitambaa cha mafuta, bila doa la kutu.

29 Septemba

Sikujua kwamba Mitsue anajua kazi hii. Kwa miaka hamsini nimemwona kama mwanamke wa maneno mengi. Leo ameshuka ngazi hadi shimoni, akanyamaza, na mkono wake ukapita ukutani kama mtu anayepaka samli juu ya mkate. Kazi yangu ilikuwa kuchanganya saruji na kutii.

"Nzito mno, Mwalimu."

Niliongeza maji.

"Sasa umenipikia uji. Rudia."

Nilirudia mara nne. Sasa najua wanafunzi wangu walijisikiaje.

Jioni nilimuuliza nani alimfundisha. "Nani angenifundisha? Mume wangu alikuwa mlevi. Nusu ya kuta za kijiji hiki nilizipiga lipu mimi, yeye akiwa amelala kivulini. Ukuta wa darasa lako pia. Hukuwahi kuuliza."

Ni kweli. Sikuwahi.

4 Oktoba

Saruji mpya hutoa chokaa inayounguza mashavu ya samaki, hivyo huwezi kujaza na kumwachia siku hiyohiyo. Nimetupa ndani mafungu sita ya mabua ya mpunga na kujaza maji. Yatalala humo, yatamwagwa, yatajazwa tena. Masakatsu alikuwa akifanya hivyo mara tatu, siku kumi kila mara. Nina muda: samaki watatolewa mlimani tarehe 5 Novemba.

9 Oktoba

Maji yamekuwa na rangi ya chai iliyokolea. Povu ukingoni. Nyuzi 17.

13 Oktoba

Tadayoshi amepita na habari mbaya, na ameifurahia kidogo kuliko nilivyotarajia. Ukingo wa bwawa la mlimani umeanza kuvuja. Samaki watatolewa tarehe 16.

"Siku tatu," nikasema.

"Sikuupasua mimi."

Nimemwaga maji ya mabua. Nimesugua kuta kwa brashi hadi ngozi ya vidole ikachubuka. Nimejaza upya.

15 Oktoba

Jana jioni nilitia bwawani samaki wawili wadogo wa mferejini ili kulijaribu. Leo asubuhi walielea, midomo wazi, mashavu meupe.

Niliwatoa kwa chujio la jikoni na kuwazika chini ya kamelia. Mitsue alinikuta nimepiga magoti.

"Mwalimu, inuka. Baridi itakuingia."

"Niliharakisha."

"Uliharakishwa. Ni tofauti."

"Waliokufa hawaioni tofauti hiyo."

16 Oktoba

Nilipanda mlimani kwa miguu, saa moja na nusu. Tadayoshi alikuwa ameshafungua maji. Bwawa lilishuka polepole mpaka migongo ikaanza kuonekana, myekundu na myeupe, kisha maji yote yakachemka kwa mikia. Wanaume wanne waliingia na wavu, wakitembea bega kwa bega katika tope la magoti. Hupigi kelele katika kazi hii, wala humvuti samaki. Unamwongoza, unamwingiza katika soksi ndefu ya kitambaa pamoja na maji yake, unambeba kama mtoto aliyelala.

Oshizu alikuwa wa mwisho. Alikaa chini kabisa, palipobaki maji kama ya beseni, akiwangoja. Urefu wake unazidi mikono yangu miwili, kila mmoja kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Ubavu wa kushoto ni mweupe kabisa sasa. Wa kulia bado una ile alama nyekundu inayofanana na jani la mmepo, lenye ncha kama vidole.

Tadayoshi alimbeba mwenyewe. Alipofika kwangu alisimama.

"Haya. Karai liko tayari?"

Ningeweza kusema uongo. Kila mtu alikuwa akitazama.

"Halijawa tayari. Jana liliua wawili."

Wanaume walitazama viatu vyao. Tadayoshi alitazama maji yakidondoka kutoka kwenye kitambaa.

"Wiki moja," akasema. "Nina tangi la kuhamishia. Siku ya nane yuko sufuriani, nakuapia, nitatia vitunguu mwenyewe."

"Siku ya nane nitakuwa mlangoni kwako na beseni."

17 Oktoba

Asubuhi nimekuta mafungu kumi na mawili ya mabua makavu yamerundikwa penye lango, na madumu matatu ya siki ya kuulia chokaa. Hakuna aliyebisha hodi. Mabua ya hapa kijijini hufungwa kwa namna mbili au tatu; fundo hili, lenye kuzungushwa mara mbili na kuchomekwa chini, ni la ukoo wa mume wangu. Amebaki mmoja tu anayelifunga.

18 hadi 22 Oktoba

Siki, brashi, maji. Mabua, maji. Mwaga. Rudia. Mitsue kwenye ngazi, mimi chini.

23 Oktoba

Samaki wawili wengine wa mferejini wamelala humo tangu jana. Wanaogelea. Mmoja ameng'ata kidole changu.

24 Oktoba

Oshizu ameingia saa nne asubuhi. Tuliliweka beseni ndani ya bwawa kwa nusu saa joto lilingane, kisha tukaliinamisha. Alitoka bila haraka, akazunguka kuta zote nne mara moja, kama mpangaji anayekagua chumba, akatulia katikati.

"Anatafuta chemchemi," alisema Tadayoshi.

"Anatafuta mtu wa kumkosoa. Amekuona."

Maji nyuzi 14.

2 Novemba

Nyuzi 12. Anakula kutoka mkononi. Mdomo wake ni mgumu na laini kwa wakati mmoja, kama sikio.

8 Novemba

Nyuzi 11.

15 Novemba

Nyuzi 9. Nimeacha kumlisha. Chakula huoza tumboni mwa samaki kwenye baridi. Mitsue alileta tambi zilizobaki na kuniita mkatili.

19 Novemba

Nobuhiko alipiga simu. Aliuliza habari za magoti yangu, za mafuta ya taa, za hali ya hewa. Hakuuliza habari za samaki. Nilimweleza hata hivyo, kwa dakika kumi.

30 Novemba

Nyuzi 6. Oshizu amekaa chini, mapezi yamefungwa. Kila asubuhi namwangalia kwa muda mrefu mpaka shavu lake lifunguke mara moja. Ndipo nakunywa chai.

6 Desemba

Theluji ya kwanza. Imeyeyuka kufikia mchana. Nyuzi 5.

14 Desemba

Theluji hadi kifundo cha mguu. Nyuzi 4.

16 Desemba

Theluji haijakoma tangu juzi. Imefika kiunoni. Nyuzi 3. Pampu inafanya kazi, maji hayajaganda.

Tadayoshi amepita na viatu vya theluji. "Chemchemi yangu iko nyuzi 11 leo, kama kila siku ya mwaka. Nasema tu."

"Umesema tangu Septemba."

18 Desemba

Naandika mchana.

Asubuhi nilimpelekea Mitsue supu, kwa kuwa ana homa. Kuvuka njia kulinichukua robo saa. Niliporudi nilisikia koleo juu ya paa langu. Gari la Nobuhiko lilikuwa penye lango, limefunikwa nusu. Alikuwa ameendesha tangu alfajiri baada ya kusikia utabiri, na alikuwa amepanda paani bila kusubiri ruhusa.

Nilizunguka kona. Alikuwa akikata theluji kwa mapande ya mraba, kama nilivyomwona baba yake akikata, na kila pande lilishuka na kuanguka moja kwa moja ndani ya bwawa. Hapakuwa na maji tena. Palikuwa na uji wa kijivu, na juu yake kilima. Pampu ilikuwa imenyamaza.

Sikumbuki nilichosema. Nadhani nilisema jina lake lote, kama darasani. Koleo likasimama hewani.

"Mama?"

"Unatupa wapi?"

Alitazama chini. Niliuona uso wake ukibadilika. Kwa kitambo kifupi nilifikiri jambo ambalo mama hapaswi kulifikiri: kwamba alijua. Karatasi ile ilikuwa mbele ya picha, na zilibaki siku kumi na nne.

"Mikono ilienda yenyewe," akasema. "Mama, niliona maji chini ya paa, mikono ikaenda yenyewe."

Nilimwamini. Nilimwamini kwa sababu hakuna mtu aliyezaliwa katika kijiji hiki ambaye akiwa paani na koleo, akaona maji chini yake, angetupa theluji mahali pengine.

Alishuka ngazi akiteleza. Tulichota theluji kwa ndoo, kwa koleo, kwa beseni la Oshizu. Nilitia kipimajoto: sifuri. Nobuhiko aliingia hadi kifuani katika uji ule, na nguo zake za ofisini, akapapasa kwa mikono. Alimpata kwenye kona ya kusini. Alikuwa amelala ubavu, ule mweupe. Shavu halikufunguka.

"Mtoe!" nikasema.

"Usimtoe!" Tadayoshi alikuwa langoni. Mitsue na homa yake alikuwa ameona kila kitu dirishani, akampigia simu. "Ukimtoa kwenye baridi hii umemmaliza. Mshikilie hapohapo, kichwa kwenye maji. Shemeji, sasa niambie. Chemchemi au ubishi?"

Nilikuwa nimelikataa bomba na upande wote ule wa nyumba kwa miezi mitatu, kwa kuwa kuchimba pale kungekuwa kusema mbele ya kijiji kwamba miaka arobaini na miwili iliyopita nilimwonea mume wangu. Nilitazama ule mwili mweupe mikononi mwa mwanangu.

"Chemchemi," nikasema. "Nilikosea tangu mwanzo, nanyi mnaweza kunicheka baadaye. Bomba liko wapi?"

Tadayoshi hakujua. Mimi sikujua. Juu yake palikuwa na theluji ya kiuno na kabichi za miaka arobaini.

"Hatua saba kutoka mlango wa jikoni," alisema Nobuhiko, meno yakigongana. "Kuelekea ule mti wa matunda, mkaki."

Tadayoshi alimpokea samaki na kuingia majini badala yake. Nobuhiko alikwenda nyuma akahesabu hatua saba, akachimba. Theluji, udongo, mizizi. Hakuna kitu. Alisimama akihema, kisha akarudi mlangoni.

"Nilikuwa na miaka tisa," akasema, akahesabu upya kwa hatua za mtoto.

Koleo liligonga chuma.

Bomba lilikuwa limezibwa. Mtu anayeziba bomba moja kwa moja hulijaza zege. Masakatsu alikuwa ameliziba kwa kizibo cha mti wa mwerezi, kilichochongwa kwa uangalifu, kikaviringishwa kitambaa na kupakwa nta ili siku yoyote kiweze kutoka. Nobuhiko alikizungusha mara tatu. Maji yaliruka hadi usoni mwake, yakitoa mvuke.

Tadayoshi alikuwa ameleta mabomba meusi ya matangi yake yaliyofungwa. Mita kumi na mbili, kuzunguka nyumba, juu ya theluji. Maji yaliingia kwenye kona ya mbali, polepole kama alivyoamuru, ili joto lisimshtue. Uji ule wa kijivu ukawa wa buluu, ukaanza kutoboka. Sifuri. Moja. Moja na nusu. Tadayoshi hakutikisika. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau, na alikuwa akimsogeza Oshizu mbele na nyuma, mbele na nyuma, maji yapite mashavuni.

"Kunywa, bibi," alikuwa akimwambia. "Kunywa, mzee mwenye kiburi. Nimekutishia sufuria miaka mitano, usinifanye mwongo."

Saa saba na dakika ishirini shavu lilifunguka.

19 Desemba

Nyuzi 5. Ameinuka, lakini ameinama upande mmoja.

Nobuhiko ana homa, amelala kwenye chumba chake cha zamani. Nilimpelekea uji wa mchele na tunda lililohifadhiwa kwa chumvi. Nilimuuliza alijuaje ile hesabu ya hatua.

"Baba alinipa kazi ya kutazama bomba lisigande. Kila asubuhi kabla ya shule. Halafu tukitupa theluji pamoja, yeye mapande makubwa, mimi madogo." Alikoroga uji. "Siku alipolifukia bwawa nililia ghalani. Aliniambia nisikuambie."

"Kwa nini?"

"Alisema ungesahihisha."

Nilirudi jikoni nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Baadaye Tadayoshi alikuja kumtazama samaki, amejifunika mablanketi mawili. Nilimwonyesha kizibo.

"Kaka alijua utabadilisha mawazo," akasema.

"Basi alikosea kwa miaka arobaini na miwili."

"Hakukosea. Alikuwa na subira tu. Wewe ndiye uliyekuwa na haraka ya kuwa sahihi."

Nilimmiminia chai. Ya pili nilimmiminia bila kuombwa.

20 Desemba

Nyuzi 7. Amesimama wima.

23 Desemba

Nobuhiko amerudi kazini. Penye lango alisimama akivaa glavu.

"Mama, ile karatasi. Mimi ndiye niliyemtia hatarini. Tuichane."

"Imepigwa mhuri. Itatimizwa."

"Na angekufa? Ungekuja kweli?"

"Ningekuja bila neno. Ungejuta kabla ya wiki kwisha."

Alicheka, na kwa mara ya kwanza tangu Februari hakupaza sauti kuniambia kwaheri.

27 Desemba

Mitsue amepona na ameanza kueleza kijiji jinsi alivyookoa samaki kwa simu.

1 Januari

Theluji usiku kucha, imekoma alfajiri. Nobuhiko alifika jana na mkewe. Tadayoshi na Mitsue wamekuja kwa supu. Imepikwa kwa mboga na keki za mchele, na kila mmoja, kwa zamu, amechungulia sufuriani na kuuliza kama Oshizu yumo. Mzaha huo ulichekesha mara ya kwanza.

Baada ya kula nilichukua karatasi iliyokuwa chini ya kikombe cha Masakatsu, nikatoka hadi ukingoni. Maji ya chemchemi yalikuwa yakitoa mvuke. Oshizu alipanda taratibu, akaonyesha alama yake nyekundu, akashuka. Nobuhiko alikuwa nyuma yangu.

"Nimeona," akasema. "Niigata sitaitaja tena." Kisha: "Paa linahitaji koleo kila baada ya theluji kubwa. Nije Jumamosi?"

"Njoo Ijumaa. Jumamosi nina darasa la lipu kwa Mitsue."

Theluji iliyoteremka kutoka paani ilikuwa imefika kwenye baraza. Wote walinitazama nilipolichukua koleo la Masakatsu. Mitsue alisema nimwachie kijana wangu. Tadayoshi alimwambia anyamaze. Nilikata pande moja la mraba, si kubwa, nikalibeba hatua nne na kulitupa kwenye kona ya bomba, mbali na samaki. Lilielea, likageuka, likapungua, likaisha.

Nikatupa la pili.

Maji nyuzi 8. Oshizu hajambo.